Kadi ya Tatu

Nyasho, Musoma
11 Machi 1984

Kwa Baba yangu, Mzee Bernado Mseti, Mugango.

Shikamoo Baba. Na Mama mpe shikamoo yake kabla hujaendelea, maana najua unasoma kwa sauti na yeye yuko hapo pembeni anachambua mahindi. Mimi mzima. Kile kifua kimeachia, ugali ninakula, na Mama Gati mwenye nyumba ananitunza kama wake. Nyie je? Goti la Mama limepungua?

Baba, hapa ofisini tuna msiba usio na maiti. Kompyuta imekufa Ijumaa, imekufa na kazi ya wiki mbili.

Nikueleze ilivyo, maana uliniuliza Krismasi nikaona aibu kueleza mbele ya wageni. Ni sanduku la bati, kubwa kama la kuwekea nguo, na juu yake kuna kioo. Ninapiga kama taipu, namba zinatokea kwenye kioo. Ndani yake zimesimama kadi nne, kila moja upana wa kitabu cha nyimbo, zimejaa vidude vyeusi vyenye miguu mingi kama jongoo. Hizo kadi ndiyo kumbukumbu yake. Serikali ilizuiaga mashine hizi zisiingie nchini. Hii ililetwa kwa kibali, kwa ajili ya mradi wetu wa kuhesabu samaki tu, na ndiyo maana kila mtu anaigusa kama yai.

Asubuhi inafanya kazi vizuri. Ikifika saa nne, saa tano, kioo kinaandika kwa Kiingereza kwamba kuna kosa kwenye kumbukumbu, halafu kimya. Ukibonyeza haisikii. Ijumaa ilizima ikiwa katikati ya kuandika kwenye diski, na diski yenyewe ikaharibika. Mniko, mwenzangu anayeingiza namba za Rukuba, Kiriba na pwani ya Bunda, alishika kichwa akasema, "Basi hii mashine inakula furu kuliko sangara!" Watu walicheka, isipokuwa mimi na Bwana Luhende.

Bwana Luhende ndiye mkuu wetu, amesomea mashine Ulaya. Anasema hata namba za hawa samaki wetu wadogo, furu, zilizotoka mwaka huu ni kosa la kumbukumbu, zinashuka mno.

Mimi naingiza za Mugango peke yake. Hakuna anayejua wewe ni baba yangu, kwa sababu niliandikishwa Selestina Boke, kwa jina la bibi. Siku wakiniuliza nitasema. Hawajauliza, na mimi unanijua, sisemagi nisipoulizwa.

Kuna jambo jingine nilitaka kukuandikia. Karatasi imekwisha.

Mwanao,
Selestina


Mugango
18 Machi 1984

Kwa mama yangu Boke.

Marahaba, mama. Barua ameileta dereva wa lori la samaki, nimemlipa kwa maziwa. Sisi wazima. Goti la Hyasinta lipo pale pale, linamtabiria mvua ambayo hainyeshi. Mtama umesimama tu unatuangalia.

Habari ya mashine nimeisoma mara mbili na bado. Inasahauje? Mimi nahesabu samaki hapa mwaka wa tatu, na kichwa hiki kimepita kisomo cha watu wazima tu, lakini sijasahau siku hata moja. Waambie wakikwama waje niwaazime kichwa.

Lakini mama, huku kuna kitu. Unalikumbuka karai la bluu? Furu walikuwaga wengi, hatuwezi kuhesabu mmoja mmoja. Nilikuwa najaza karai, naandika: karai ishirini, karai thelathini na moja. Sasa karai silijazi. Tangu Januari nahesabu furu kama mayai. Jumatatu furu saba. Mitumbwi kumi imerudi, furu saba! Halafu sangara wanashuka wakubwa, mmoja anabebwa na watu wawili kama mgonjwa.

Keraryo, si unamjua mdomo wake, alinitania mbele ya wavuvi wote: "Bernado, hesabu na vyura basi, ofisi isije ikakufukuza!" Nikamwambia mimi naandika kilichomo kwenye mtumbwi. Kama hakimo, naandika hakimo.

Sitakuficha, mama, nimeshtuka. Furu ndiye samaki wa kwanza tunayemlisha mtoto hapa. Wewe ulianza na yeye. Ningependa kujua Rukuba na Kiriba ikoje. Uliza, wewe uko karibu na hiyo mashine. Karatasi zangu za kila wiki naamini zinafika.

Baba yako,
Bernado


Nyasho, Musoma
3 Mei 1984

Kwa Baba.

Shikamoo. Ninajua nimekaa siku nyingi bila kujibu. Siumwi. Natumaini na nyie hamuumwi, na kama mvua hii ya hapa imefika na huko, goti la Mama limesema kweli.

Naanza na mashine, kwa sababu kilichotokea kimepitia humo.

Bwana Luhende alifungua kifuniko akachomoa kadi ya kwanza. Mashine ikafanya kazi siku nzima. Akasema, "Nimeipata." Akairudisha apate hakika, akachomoa ya pili. Siku nzima tena, salama. Ya tatu hivyo hivyo, ya nne hivyo hivyo. Maana yake kila kadi ni mbovu, au hakuna mbovu. Akarudisha zote, akafunga kifuniko. Saa nne na robo ikafa. Alikaa sakafuni na suruali yake ya kazi, akasema, "Hii sasa inanidhihaki."

Mimi nilikuwa nimeshaona. Ikiwa wazi haifi. Na siku ya mvua kubwa, hata ikiwa imefunikwa, ilifika mpaka saa nane. Nilikaa na jambo hilo siku mbili, Baba. Aibu ilikuwa sababu moja. Sababu ya pili utaiona.

Siku ya tatu nikaandika kwenye kipande cha karatasi: "Samahani. Labda inaumwa ikipata joto. Tuijaribu ikiwa imefunikwa." Nikakiweka chini ya kikombe chake cha chai. Akasoma. "Nani kaandika hii?" Mniko akasema, "Si huyo bubu wetu." Bwana Luhende akaniangalia muda mrefu, kisha akachukua kifuniko.

Tukaanza upya: chomoa moja, funika, ngoja mpaka bati liwe la moto. Bila ya kwanza, ikafa. Bila ya pili, ikafa. Bila kadi ya tatu ikaenda mpaka jioni, na kesho yake pia. Ikabaki kujua kama mbovu ni kadi au ni pale inaposimama. Bunda kuna ofisi ya pamba yenye mashine kama yetu, tukaenda kuazima kadi moja. Kurudi niliipakata mimi, imefungwa kwenye kitambaa cha pamba, na Bwana Luhende kila dakika, "Shika pembeni, binti, kama picha." Tulizungukia Butiama kutafuta dizeli. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi akachungulia mapajani mwangu akauliza kama ni redio. Nikamwambia ni kumbukumbu. Akasema, "Ya nani?"

Tukaisimamisha kadi ya Bunda kwenye nafasi ya tatu. Siku mbili, kifuniko kimefungwa, haikuzima. Mniko alipiga vigelegele kama mwanamke. Bwana Luhende akanipa mkono. Sijawahi kupewa mkono na mkubwa.

Baba, ndipo jana tukaendesha muhtasari. Huo haujawahi kutoka mpaka mwisho, kwa sababu unasoma vituo vyote tangu mwaka jana Januari, na mashine ilikuwa inakufa njiani. Safari hii karatasi ilitoka yote. Rukuba, furu kutoka karai mia na kitu mpaka sifuri. Kiriba sifuri. Pwani ya Bunda sifuri. Bwana Luhende akakaa. Akasema, "Nimesema miezi minne kwamba ni kosa la mashine. Mashine ni nzima." Mniko, Baba, yule Mniko, alikuwa anafuta macho.

Umeuliza Rukuba na Kiriba ikoje. Ndiyo hivyo.

Halafu ikatoka Mugango. Karai thelathini na moja. Karai ishirini na nane. Furu wamejaa. Bwana Luhende akaweka kidole kwenye Machi ya mwaka jana na kidole kingine kwenye Machi ya mwaka huu. Namba kwa namba, sawasawa. Akasema, "Huyu Bernado hashuki ufukweni. Analala, ananakili daftari la mwaka jana." Jumatatu wanakuja huko kuchukua mizani na kukuondoa, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mbele ya wavuvi wote, iwe fundisho.

Nimeweka kalamu chini mara mbili hapa.

Ni mimi, Baba. Mwezi wa kwanza ilikuja karatasi yako: furu saba. Wiki ile ile Bwana Luhende alikuwa ameachisha kazi mwandishi mmoja wa kituo kingine. Alisema, "Samaki hawawezi kuisha ziwani kama sukari inavyoisha dukani. Anayeandika wachache ni mvivu." Nami nilikuwa nimeshika saba yako mkononi. Niliogopa. Nikatoa faili la mwaka jana nikaingiza siku ile ile ya mwaka jana. Nilisema ni siku moja tu. Mstari wa kesho yake ulikuwa tano. Sikuweza kurudi tena. Karatasi zako zote ziko chini ya godoro langu. Sikumuuliza Mniko anaona nini upande wake. Ningeuliza siku moja tu, ningejua.

Na kifuniko, sababu ya pili ndiyo hii: mashine ikiendelea kufa, muhtasari hautoki.

Jana wakati anasema unalala, nilifungua mdomo. Ikatoka hewa tu.

Daftari lako la nyumbani unalo. Wakija, watolee. Wataona mkono wako, wataona saba na tano, wataona kalamu ilivyobadilika siku kwa siku. Usiwaache waondoke bila kuliona. Barua hii nampa dereva wa lori leo hii, nimemsihi ifike kabla ya Jumatatu.

Nisamehe. Sijui niseme nini kingine.

Selestina


Mugango
9 Mei 1984

Kwa mama yangu Boke.

Natumaini kifua hakijarudi. Sisi tupo.

Kama umeniandikia, barua haijanifikia. Nakuandikia hili ulijue kutoka kwangu, usilisikie kwa watu.

Jumatatu walikuja na Land Rover. Yule Luhende, na dereva, na mwenyekiti wetu. Mitumbwi ilikuwa ndiyo inavutwa nchi kavu, watu wote wapo. Luhende ni mtu wa heshima, hakupiga kelele. Alinipa karatasi ndefu yenye matundu pembeni, akasema, "Mzee, soma Machi." Nikasoma. Karai thelathini na moja. Nikasema moyoni, hii nini? Machi mimi nimeandika saba. Mkono wangu ulishaingia kwenye mfuko wa shati, nimeshika daftari.

Nikauliza kwanza, "Namba za Mugango anaziingiza nani?" Akasema, "Kuna binti mmoja, Selestina Boke. Huyo hana tatizo. Ndiye aliyetupatia ugonjwa wa mashine."

Mama, masikio yalilia. Nilisikia kama nimepigwa na kasia. Nikaona kila kitu kwa mara moja, hata kwa nini umefanya, nikakiona.

Daftari nikalirudisha mfukoni. Nikasema, "Ni mimi. Nilikuwa nanakili."

Keraryo ndiye aliyenitia aibu, mjinga yule. Alipiga kelele: "Mwongo huyu! Bwana mkubwa, usimsikilize! Anahesabu furu mbele yangu mmoja mmoja kama bikizee anayechambua dengu! Mimi namchekaga kila siku!" Nikamwambia Keraryo, nyamaza, hayakuhusu. Akanitazama kama mtu aliyemwona maiti anakaa kitako. Waliniuliza daftari liko wapi. Nikasema liliangukia ziwani. Mwenyekiti akatema mate chini. Wakachukua mizani. Karai waliacha, ni la Hyasinta.

Sasa sikiliza. Wewe umebeba jina la mama yangu. Tangu unatambaa sijakunyanyulia mkono, na siku ulipomwaga mbegu za pamba zote kisimani nani alikemewa? Nilikemewa mimi, kwamba niliziacha karibu na mama. Hivyo ndivyo tunavyoishi. Mtu hasimami mbele ya kijiji akamshtaki mama yake. Mimi nina jembe, nina ng'ombe wanne, kazi ya kuhesabu samaki niliikuta nikiwa mtu mzima. Wewe una hiyo mashine, na mkubwa wako anakusifu kwa watu asiowajua.

Kaa kimya. Unaweza, umezoea. Karatasi zangu kama unazo, choma. Hii usiijibu.

Baba yako,
Bernado

Dereva ndiyo kwanza anafika na barua yako. Lori lilikuwa bovu siku nne. Nimeisoma nje, Hyasinta asisikie. Sibadilishi neno.


Nyasho, Musoma
13 Mei 1984

Kwa Baba.

Shikamoo. Mama ajue nimemsalimia.

Ulisema nisijibu, najibu. Ulisema nichome, sikuchoma.

Barua yako niliisomea barabarani, nimesimama, baiskeli zinanipigia kengele. Nilipofika pale uliposema "ni mimi" nikakaa chini kwenye vumbi na sare ya ofisi. Mimi nilidhani nimekuokoa usiitwe mvivu. Wewe umeuchukua uongo wenyewe.

Jana ilikuwa Jumamosi, ofisi inafungwa saa sita. Nilikwenda na karatasi zako zote, nimezifunga kwa kitambaa kile kile cha kadi. Bwana Luhende alikuwepo na Mniko. Nilisimama mbele ya meza. Nilikuwa nimeandika kipande cha karatasi kama kile cha kifuniko, nikakiacha mfukoni.

Nikasema, "Bernado Mseti ni baba yangu." Hiyo ilitoka vizuri. Halafu nikasema, "Alileta saba. Thelathini na moja niliweka mimi." Hiyo ilitoka kwa Kiingereza, sijui kwa nini, ikabidi niirudie kwa Kiswahili.

Mniko akasema, "Selestina, acha utani." Mniko ndiye aliyesema hivyo!

Bwana Luhende akafungua kitambaa akaanza kusoma, moja moja, kwa sauti ndogo. Saba. Tano. Tano. Tisa. Mbili. Akalinganisha na za Kiriba. Zilishuka pamoja, Baba, wiki kwa wiki, kama mmeandika mmekaa meza moja. Akavua miwani. "Kwa hiyo huyu mzee alikuwa anasema kweli tangu Januari, na mimi nimemwita mwongo mbele ya kijiji chake."

Nikasema, "Ndiyo."

"Na yeye akakubali?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikamwambia habari ya jina la bibi. Sikufikiri ataelewa, yeye si wa huku. Akaniuliza kwa nini sikumwandikia kikaratasi kama siku ile ya kifuniko. Nikasema hiki kilitaka mdomo.

Sikukaripiwa. Ningependa ningekaripiwa. Alisema kwenye mashine sitarudi. Kadi ya tatu, ile mbovu, iko kwenye droo yake, wala hataitupa. Alisema ile haikujua inaharibu. Hakuendelea, lakini nilisikia sehemu iliyobaki.

Alhamisi wanakuja tena Mugango. Analeta mizani mwenyewe, na atasema aliyokosea mbele ya watu wale wale. Na mimi nakuja nao. Hakunilazimisha. Nimeomba. Nitasimama pale mitumbwi inapovutwa nitaje nilichofanya, Keraryo asikie, mwenyekiti aliyetema mate asikie. Nikishindwa kutoa sauti nitaanza upya mpaka itoke.

Sijui utanipokeaje. Maisha yangu yote umeniita mama, na sijawahi kukukatalia kitu ulichoniomba. Hiki nimekikataa.

Mwanao,
Selestina


Mugango
16 Mei 1984

Kwa mwanangu Selestina.

Leo sikuandikii kama mama, kwa sababu nataka kukukemea, na mama hakemewi.

Umefanya vibaya. Uliona saba ukafikiri baba yako ni mvivu, au ukafikiri watu watasema ni mvivu, ni mamoja. Ulitakiwa uniulize. Siku moja kwa lori! Na ulimwacha mkubwa wako anapigana na mashine wakati ulijua. Hayo nimekasirika nayo, na bado nimekasirika, na kesho ukishuka kwenye gari utanikuta nimekasirika. Baadaye itapungua. Hyasinta ameshasikia yote, amelia, sasa anakutwangia mtama.

Nimekemea, basi, imekwisha.

Daftari halikuangukia ziwani. Liko juu ya kenchi, na kila asubuhi tangu wanifukuze nimeshuka nalo ufukweni, bila mizani, nimehesabu. Keraryo anasema nimerukwa na akili. Lakini asubuhi ya leo yeye mwenyewe alikuja anakimbia kutoka mtumbwini, amekinga viganja viwili, maji yanamchuruzika mpaka viwikoni. Hakutania. Akasema, "Bernado, huyu hapa. Andika."

Mitumbwi kumi, furu mmoja. Yuko hai.

Nimemtia kwenye karai la bluu na maji ya ziwa, nimefunika chandarua kuku wasimfikie. Anazunguka pembeni pembeni, hajafika katikati. Sikujua kama karai lile ni kubwa hivyo.

Sijaandika bado. Nimeacha mstari wa leo wazi. Njoo umhesabu wewe, uandike kwa mkono wako, halafu tumrudishe.

Baba yako,
Bernado